Jua jekundu ndani ya sanduku la babu

"Mtaalamu, shikamoo. Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, akapigana Bama (Burma) katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi 1946. Alifariki zamani. Mwezi uliopita tulifungua sanduku lake la chuma kijijini kwetu Iringa. Tukakuta nyota ya shaba yenye ncha sita na utepe uliochakaa, na kitambaa cheupe cha hariri kilichogeuka manjano. Katikati kina duara jekundu, na kulizunguka kuna maandishi meusi yaliyotawanyika kama miale ya jua. Pembeni kuna mihuri midogo myekundu na doa la kahawia. Shangazi anasema Wajapani huabudu jua, kwa hiyo hicho ni kitambaa cha mizimu, na mchungaji ameshauri tukichome. Mpwa wangu amesoma mtandaoni kwamba bendera ya jua lenye miale ni sawa na ya Wanazi. Baba mdogo anataka kukiuza. Mimi naogopa kukosea. Hiki ni kitu gani, na tukifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Kabla sijaanza maelezo: msikichome, msikifue, wala msikipige pasi. Mengine yanaweza kungoja umalize kusoma.

Naona mmekaa mbele ya kitu kimoja na kila mtu amekipa jina lake. Shangazi anakiita mzimu, mpwa anakiita Nazi, baba mdogo anakiita hela. Kwa jinsi ulivyokieleza, hakuna aliyepatia, ingawa shangazi kakaribia kuliko wenzake. Hiyo ni bendera ya kawaida ya Japani, hinomaru, maana yake "duara la jua", na hiyo miale unayoiona ni majina ya watu. Kila mstari wa wino ni mtu aliyeinama juu ya kitambaa hicho wakati kijana mmoja alipokuwa anajiandaa kwenda vitani.

Bendera iliyoandikwa hivyo huitwa yosegaki hinomaru. Yosegaki ni maandishi ya watu wengi yaliyokusanywa mahali pamoja. Kijana akipata wito wa jeshi, ndugu, majirani, walimu wake na wenzake wa kazini waliandika majina yao na dua fupi kuzunguka duara. Fikiria lile daftari la harusi linalozungushwa ili kila mgeni aandike jina na nasaha, ila hapa bwana harusi anakwenda kupigana. Aliondoka nayo akiwa ameikunja ndani ya shati au mkobani. Wengine walivaa pia kiunoni mshipi wa kitambaa wenye mishono elfu moja, kila mshono umeshonwa na mwanamke tofauti; mama au dada wa askari alisimama barabarani au kituo cha treni akiwaomba wanawake wapita njia wamtilie mshono mmoja mmoja.

Kitandaze mezani taratibu, mikono ikiwa mikavu na safi. Tafuta herufi nne kubwa kuliko nyingine, mara nyingi juu ya duara. Zinasomwa buun chokyu, "bahati ya vita idumu". Kisha tazama pembeni, aghalabu upande wa kulia, uone kama kuna safu ya wima yenye herufi nene. Hilo huwa ni jina la mwenye bendera. Mihuri midogo myekundu kwa kawaida ni ya hekalu la Kishinto ambako kitambaa kilipelekwa kuombewa. Waandikaji wengi walikwepa kuligusa duara kwa wino, ndiyo maana majina yanakimbilia nje na kuonekana kama miale. Doa la kahawia laweza kuwa damu, laweza kuwa kutu ya sanduku. Kwa macho hamtatofautisha, na msijaribu kulisugua.

Sasa tuje kwenye jua, maana ndilo lililowatia hofu.

Katika Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712, jua ni mwanamke. Anaitwa Amaterasu. Alizaliwa pale baba yake, Izanagi, aliponawa jicho la kushoto baada ya kutoka kuzimu alikomfuata mkewe. Nduguye Susanoo, mungu wa dhoruba, alifanya vurugu mpaka akatupa farasi aliyechunwa ngozi ndani ya nyumba ambamo nguo za miungu zilikuwa zikifumwa. Dada mtu akaudhika, akaingia pangoni na kuziba mlango kwa mwamba. Dunia ikawa giza. Miungu wenzake wakakusanya majogoo wakawawisha kana kwamba kumekucha, wakatundika kioo mtini, kisha mmoja wao, Uzume, akapanda juu ya pipa lililopinduliwa akacheza huku nguo zikimvuka, hadi wote wakapasuka kwa kicheko. Amaterasu akajiuliza: nimewaacha gizani, sasa wanachekea nini? Akafungua kidogo achungulie. Akaona uso unaong'aa kiooni, akasogea auone vizuri, na aliyekuwa amejibanza kando ya mwamba akamkamata mkono na kumtoa nje. Nyuma yake wakafunga kamba asirudi. Mimi hupenda kwamba kilicholifanya jua lifungue mlango si nguvu wala kafara, ni umbea kidogo.

Kioo hicho ndicho kinachosemekana kuhifadhiwa katika hekalu la Ise, mahali ambapo Amaterasu anaheshimiwa hadi leo. Majengo ya Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013 na inayofuata ni 2033. Na ni kutoka kwake ndiko ukoo wa kifalme wa Japani ulikojinasibisha: mjukuu wake Ninigi alishushwa duniani, na katika kizazi chake akatokea Jimmu, anayehesabiwa mfalme wa kwanza. Nimetumia neno "kujinasibisha" makusudi. Koo nyingi za pwani yetu zilijinasibisha na Shirazi, na sote tunajua kwamba nasaba ya namna hiyo hueleza cheo cha watu kuliko inavyoeleza safari ya babu yao. Ya Japani nayo isomwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo shangazi ana nusu ya ukweli: yupo mungu wa jua, ana hekalu, ana mahujaji. Lakini kutoka hapo hadi kusema kila duara jekundu ni ibada ni mbali sana. Kwa Mjapani wa kawaida jua limo katika mambo madogo ya kila siku. Mtoto wake akichora jua hulipaka rangi nyekundu. Mzee humkanya mtoto mdokozi kwa kumwambia Otento-sama, yaani Mheshimiwa Jua, anakuona. Alfajiri ya Januari Mosi watu hupanda milimani au husimama ufukweni kulisubiri jua la kwanza la mwaka. Wali mweupe ndani ya kikopo cha chakula, katikati tunda moja jekundu mithili ya plamu lililotiwa chumvi, huitwa bento ya hinomaru, na hakuna anayesujudu mbele ya wali. Hata saa zao zamani zilifuata jua. Hadi mwisho wa 1872 walikata mchana vipande sita na usiku vipande sita, kuanzia kupambazuka hadi giza kuingia. Sisi tunaosema saa moja pindi kunapokucha tungewaelewa upesi kuliko Mzungu yeyote.

Jina lenyewe la nchi limetokana na jua. Nihon, au Nippon, maana yake ni chimbuko la jua. Ila jiulize: jua lachimbukia Japani kwa macho ya nani? Ukisimama Japani unaliona likitoka baharini, mashariki zaidi. Ni mtu wa China anayeliona likitokea upande wa Japani. Mwaka 607, enzi za malkia Suiko, mjumbe kutoka visiwani alipeleka China barua iliyomtaja mtumaji kuwa mwana wa mbingu wa nchi linakochomoza jua, na mpokeaji kuwa mwana wa mbingu wa nchi linakotua. Kaizari Yang wa China hakufurahi; vitabu vya historia vya China vimeandika kwamba alisema asiletewe tena barua isiyo na adabu kama ile. Kabla ya hapo Wachina waliwaita watu wa visiwa hivyo Wa, jina ambalo wenyewe walikuja kulichukia. Ujumbe uliokwenda China mwaka 702 ulijitambulisha kwa jina la Nihon. Basi jina la fahari la Japani lilitazamwa kutoka mlangoni kwa jirani, kama letu sisi Waswahili lilivyotoka kwenye neno la Kiarabu la pwani, kinywani mwa watu waliokuwa wanakuja kwa bahari.

Bendera ni jambo la baadaye, na chanzo chake ni cha kibaharia. Duara la jua lilichorwa zamani kwenye feni za mkono na mabango ya vita ya koo mbalimbali. Meli za Kimarekani zilipobisha hodi 1853, Japani ilihitaji alama ya kutofautisha vyombo vyake na vya wageni, na 1854 serikali ya akina Tokugawa ikaamuru meli zipeperushe jua jekundu juu ya nyeupe. Mwaka 1870 serikali mpya ya Meiji ikaifanya kuwa bendera ya meli za biashara.

Mwaka huohuo wa 1870 jeshi la nchi kavu lilipewa bendera nyingine: jua lilelile, lakini likitoa miale 16. Jeshi la majini likachukua ya kwake 1889, jua likiwa limesogezwa upande wa mlingoti. Hiyo ndiyo aliyoisoma mpwa wako, na siyo mliyonayo.

Je, ni sawa na ya Wanazi? Nitakujibu bila kuzunguka, ingawa najua kuna watakaonuna pande zote mbili. Kisheria na kihistoria si kitu kimoja. Alama ya Wanazi ilianzia kwenye chama, na Ujerumani imeipiga marufuku. Bendera ya miale ilikuwa ya jeshi, na kikosi cha majini cha Japani kiliirudisha 1954, kinaipeperusha mpaka leo. Miale ya namna hiyo hata wavuvi huichora kwenye bendera za kushangilia mavuno mazuri ya samaki. Lakini kwa Mkorea ambaye nchi yake ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, au kwa Mchina anayekumbuka mauaji ya Nanjing ya Desemba 1937, maelezo ya wavuvi hayatibu chochote. Mwaka 2018 Korea Kusini iliiomba Japani isiipeperushe kwenye maonyesho ya meli za kivita huko Jeju, na Japani ikaamua kutokwenda kabisa. Kama mpwa wako ana fulana yenye miale hiyo, mimi ningemshauri asiivae mbele ya watu hao, kwa sababu ileile inayomzuia mtu kuchezea jina la marehemu msibani.

Na hinomaru yenu nayo haijatakata. Ndiyo iliyokuwa mbele ya majeshi hayo, ndiyo watoto wa Korea walilazimishwa kuiinamia. Wajapani wenyewe hawajamaliza mjadala: bendera hii haikuwa na sheria ya kuitambua kama bendera ya taifa hadi Agosti 1999, na sheria hiyo ilikuja miezi michache baada ya mwalimu mkuu wa sekondari moja Hiroshima kujiua katikati ya mvutano kati ya bodi ya elimu na walimu kuhusu bendera na wimbo wa taifa. Kuhusu ufalme, babu yako alirudi mwaka uleule ambao Mfalme Hirohito, Januari Mosi 1946, alitangaza kwamba uhusiano wake na watu wake haujengwi juu ya hekaya wala juu ya dhana kwamba mfalme ni mungu.

Tumrudie babu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobeba alama ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw kuanzia katikati ya 1944 katikati ya masika, matope na malaria, na Desemba mwaka huo ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Kabla hata ya hapo, Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Waliokufa walikuwa karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nayasema haya ili usije ukadhani nitamwita babu yako mwizi. Askari wa mataifa mengi waliokota bendera hizi kwa maiti au kwenye mahandaki yaliyotelekezwa, wakaja nazo nyumbani kuwa ushahidi kwamba walifika na wakarudi. Ile nyota yenye ncha sita, kama imeandikwa Burma Star, ndiyo nishani yake ya vita hiyo. Angalia utepe wake: katikati ni mwekundu, kandokando buluu, na ndani ya kila buluu kuna mstari wa chungwa. Huo mstari wa chungwa unawakilisha jua. Sanduku lenu lina majua mawili, la upande huu na la upande ule.

Upande ule, zaidi ya nusu ya askari wa Kijapani waliopelekwa Burma hawakurudi. Japani ilipoteza watu wapatao milioni 2.4 nje ya visiwa vyake vikuu, na mabaki ya zaidi ya milioni moja hayajarejeshwa. Familia nyingi zililetewa kasha la mbao. Ndani mna jiwe, au kipande cha karatasi chenye jina. Kwa familia ya namna hiyo, kitambaa kilichoandikwa na mkono wa mama mzaa chema ndicho kitu pekee cha marehemu kinachoweza kurudi. Wapo wanaokipokea kwa kusema, "Amefika nyumbani." Hapa ndipo niliposema shangazi kakaribia. Hiki si kitambaa cha kuabudia, ila kimeombewa, na kuna watu duniani wanaoamini kimebeba mtu wao. Heshima anayoiogopa shangazi ipo. Hofu ndiyo haihitajiki.

Basi mna njia nne. Kuchoma ni kufuta majina ya watu pengine mia moja, na hakuna wa kuyaandika tena. Mwambieni mchungaji kwa upole kwamba kama anataka kitoke nyumbani, kukirudisha kwao kunamtoshea haja yake. Kuuza kunawezekana, wapo wakusanyaji wanaonunua, na sitamhukumu baba mdogo kama nyumba ina dhiki. Lakini kikishauzwa, uzi unaokiunganisha na Iringa na Burma umekatika, na mara nyingi hakipatikani tena. Kukitunza ninyi wenyewe ni halali kabisa. Ni historia ya babu pia. Mkichagua hivyo basi kitunzeni kweli. Njia ya nne ni kutafuta wenyewe. Lipo shirika la OBON Society, lililoko Oregon nchini Marekani, linalofanya kazi hii ya kusoma bendera na kuzitafutia familia bila kuuziana. Si kila utafutaji hufanikiwa, kwa kuwa bendera nyingi hazitaji kijiji na majina ya Kijapani hufanana. Mimi ningejaribu hii ya nne, huku nikibaki na picha na nishani. Uamuzi ni wa ukoo, na usifanywe na mmoja peke yake.

Utunzaji ni rahisi. Jua lenyewe ndilo adui wa kwanza wa jua hilo: mwanga hula rangi nyekundu na kuikausha hariri. Msikitundike. Msikifungie kwenye kanga, rangi yake huchuja; tumieni shuka jeupe la pamba lililofuliwa mara nyingi, mkiviringishe badala ya kukikunja, kwa sababu hariri kuukuu hukatikia kwenye kunjo. Vidonge vya nondo visikiguse. Gundi, selotepu na plastiki ya kubana, hapana.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama hariri inapukutika mkiigusa, msiifungue zaidi. Ulizieni wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Herufi za mkono za miaka ya arobaini humshinda hata kijana wa Kijapani wa leo, kwa hiyo ubalozi wa Japani au mtu mzima wa huko anayejitolea nchini atawasaidia kupata msomaji kuliko programu ya simu. Na rudini kwenye sanduku: kama chini kabisa kuna risasi, au kitu cha chuma cha mviringo msichokijua, kiacheni hapohapo, funikeni, toeni watoto, mkaite polisi. Mabomu ya mkono ya vita hiyo hayajasahau kazi yake.

Kabla ya hayo yote, mkae na shangazi mkiwa na daftari. Namba ya kikosi cha babu, jina la mto aliokuwa akiutaja, rafiki aliyerudi naye: andika hata lile analoliona halina maana. Kisha chukueni kitambaa mkiweke kivulini mchana kweupe, bila kuwasha taa ya simu, mkipige picha mbele na nyuma, halafu karibu kabisa, kipande kwa kipande. Anzeni na ile safu ya wima upande wa kulia.